Kiteso cha Jikoni

Nyanya yangu alifia ng'ambo, upande wa Uganda, nyumbani kwa dada yake. Tulipomleta Nambale kumzika, watu wengi walishangaa kusikia kwamba alikuwa na dada. Wengine walishangaa zaidi kusikia kwamba alikuwa Mteso. Aliolewa pale akiwa msichana, akazaa pale, akazeeka pale, akaongea Kiluhya cha pale kuwashinda baadhi ya waliozaliwa nacho, na mwishowe watu wakasahau kwamba kuna mahali alikotoka. Mimi sikushangaa. Mimi nililelewa jikoni kwake, na huko jikoni ndiko alikokuwa anayaweka hayo mambo yote.

Nilimwita Kukhu, kama watoto wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Jiko lake lilikuwa kibanda cha mviringo cha udongo na nyasi, nyuma ya nyumba ya mabati. Hakikuwa na dirisha. Moshi ulitokea kwenye nyasi za paa, na ukikitazama kwa mbali asubuhi ungedhani kibanda chenyewe kinaiva. Ndani palikuwa na mafiga matatu meusi, mitungi ya maji, na juu ya moto kichanja alichoning'iniza samaki wa kukausha na mahindi ya mbegu. Masizi yalikuwa yameshika kila kitu mpaka ukuta ukang'aa kama umepakwa rangi.

Moto wake haukuzimika. Jioni, baada ya kula, aliufunika kwa majivu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Asubuhi aliingiza kidole, akatafuta kaa lililobaki hai, akaweka nyasi kavu, akapuliza. Kibiriti kilikuwepo nyumbani lakini sijawahi kumwona akikigusa. Majirani walijua. Yule ambaye moto wake umezimika alikuja na kigae, akapiga hodi, na Kukhu akamchagulia kaa zuri bila kuuliza maneno. Hata yule jirani wa shamba la chini, ambaye walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa viazi na hawasalimiani hata kanisani, alikuwa akija kuchukua moto. Walipeana kaa hilo kimyakimya, kila mmoja akitazama upande wake, kisha jirani akaondoka akilikinga na upepo kwa kiganja.

Lakini huyohuyo mwanamke aliyempa kila mtu moto hakumpa mtu yeyote kiti. Jikoni kwake palikuwa na kigoda kimoja tu, na kilikuwa chake. Mgeni alisimama mlangoni akasema shida yake akaenda. Mjomba wangu, mwanawe, alimchongeshea vigoda vingine viwili vizuri kwa fundi wa sokoni. Kukhu alishukuru, akaviweka kwenye nyumba ya mabati chini ya picha ya Bikira Maria, na huko vikakaa. Mimi nilikalia jiwe la kusagia. Nilipozoea, niliona jiwe hilo ni zuri kuliko kiti chochote, maana lilipata joto upande mmoja.

Kanisani alikaa nyuma, karibu na mlango, na matangazo yalipoanza alikuwa ameshafika barabarani. Mwenyekiti wa akina mama alimwambia siku moja, mbele ya watu, kwamba anaupenda moto kuliko Mungu.

"Mungu hazimiki nikitoka," Kukhu alimjibu. "Ule unazimika."

Akaenda zake, na njiani akaokota kijiti. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nikikionea aibu nikiwa mtoto. Hakuweza kupita kuni. Tulitoka sokoni Nambale, ana kikapu cha omena kichwani, na bado angeinama kuokota tawi kavu. Tulitoka matangani, watu wamevimba macho kwa kulia, na yeye yuko nyuma yao na fimbo ya msiola chini ya kwapa. Mkaratusi hakuutaka. Alisema moshi wake una kiburi. Msiola ndio aliuamini, na mti wa mpera kwa kukaushia samaki.

Mapishi yake hayakuwa mengi. Ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, ambao aliupigapiga kwa mwiko uliolowa maji mpaka ukawa laini juu kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Mrenda aliupika na munyu, ile chumvi ya majimaji aliyoichuja kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Omena aliikaanga bila mafuta, kisha akaitia karanga zilizosagwa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuliza kilichomo chunguni. "Pua unayo," alisema. Na ukinusa vibaya ukasema ni kunde kumbe ni mrenda, alisikitika kwa kweli, kama vile umempotezea kitu.

Hakuwa mtu wa kukumbatia. Mama yangu aliniacha kwake nikiwa mdogo, akaenda kuolewa na mtu mwingine mbali, na alikuja Krismasi tu, na si kila Krismasi. Alipokuja, Kukhu alipika tangu asubuhi, akatuwekea chakula mezani kwenye nyumba ya mabati, halafu yeye akarudi jikoni kula peke yake. Mama alimwita. Hakuja. Nadhani hakuweza kutazama tukila, akijua kesho yake itakuwaje.

Kesho yake mama aliondoka, na mimi nilimfuata mpaka barabarani nikilia, nikarudi nikilia, nikasimama mlangoni kwa Kukhu nikilia. Hakusema nyamaza. Hakusema atarudi. Alisogeza kuni, akanitazama, akanipa mwiko.

"Njoo ushike hii. Mikono yangu imechoka."

Mikono yake haikuwa imechoka. Mikono yake haikuchoka mpaka uzeeni kabisa. Nilisonga ugali ule na machozi yakaingia ndani, na yeye akaula wote bila neno.

Asubuhi za baridi aliishika sweta yangu ya shule juu ya moto mpaka ikapata joto, kisha akanivisha ikiwa bado moto. Nilikwenda shuleni nikinuka moshi, na watoto wa soko, ambao kwao walipikia mafuta ya taa, waliziba pua. Nilirudi nikamwambia sitaki tena sweta yangu ikaribie jikoni.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ninanuka."

"Waambie hiyo ni harufu ya mtu aliyekula asubuhi."

Nikawaambia. Walinyamaza, maana wengi wao hawakuwa wamekula.

Sasa niseme habari ya Kiteso. Kwa muda mrefu nilidhani ni maombi. Kila asubuhi, akishapuliza moto ukashika, Kukhu alianza kuongea polepole, kwa lugha ambayo sikuisikia mahali pengine popote nyumbani kwetu. Hakuwa anaimba wala kulalamika. Alikuwa anaongea kama mtu anayemweleza mwenzake mambo ya jana, akisimama kidogo kusikia jibu, akicheka mara moja moja. Mtu akitokea mlangoni aliacha palepale, akarudi kwenye Kiluhya chake kisicho na doa.

Nilipokuwa na akili za kuuliza, nikauliza. "Kukhu, unaongea na nani?"

"Na moto."

"Unaongea lugha gani?"

"Kiteso."

"Moto unasikia Kiteso?"

"Ndio unaosikia. Nyinyi hamsikii."

Nikamwomba anifundishe. Nilidhani atafurahi. Lakini akasema, "Nikikufundisha utaongea na nani? Na mimi. Na mimi nikifa? Utabaki na maneno ambayo hayana mtu." Aligeuza muhogo kwenye majivu. "Najua vile hiyo inakaa. Sitakupa."

Hapo ndipo aliponieleza, siku hiyo moja tu, na kwa maneno machache. Alipoletwa Nambale kama bibi arusi, akina mama wa boma walimcheka matamshi yake, wakamwigiza kwenye kisima. Akajifunza lugha yao mpaka hawakupata tena la kucheka. Kwao ng'ambo alikuwa akienda mara moja moja. Kisha mama yake akafa, na mjumbe aliyetumwa akachelewa njiani, na habari ilipomfikia walikuwa wameshazika. Alikwenda akakuta udongo umeshakauka. Akamwuliza dada yake mkubwa kwa nini hawakumngoja. Dada akajibu kwamba maiti haiwezi kumngoja mtu aliyejifanya Mluhya. Kukhu akageuka palepale bila kunywa hata maji, akarudi kwa miguu.

"Basi," aliniambia. "Ikaisha."

Haikuwa imeisha, maana kila asubuhi alikuwa anaiongea. Lakini ni kweli kwamba hakurudi kule tena. Tena kitu cha ajabu ni kwamba wauza vyungu wa Kiteso walipopita na baiskeli zao, wakipunguza bei kwa Kiswahili kilichovunjika, aliwajibu kwa Kiluhya. Nilimwona mara nyingi akiwasikiliza wao kwa wao wanavyoongea, uso wake umetulia kabisa, kama hasikii kitu. Wakishaondoka aliingia jikoni.

Nilikua, nikatoka. Nilianza kazi Malaba, nikapika kwa watu, kisha nikafungua hoteli yangu ndogo ya kuwalisha madereva wa malori yanayopanga foleni mpakani. Napikia gesi na makaa. Nilipomweleza kwamba nawasha jiko kwa kubonyeza, alisema "aha," na akabadilisha mazungumzo. Wajukuu wengine hawakulelewa pale. Jirani wa shamba la chini alikufa. Watu wakanunua viberiti na majiko ya gesi, na hakuna aliyekuja tena na kigae. Nilipomtembelea nilikuta kuni zimepangwa mpaka nje ya kibanda, nyingi kuliko atakazozimaliza, na yeye ndani akiongea.

Halafu kifua kikaanza. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Mjomba alimpeleka hospitali, na daktari akasema ni moshi, moshi wa maisha yote, na kama hatauacha utammaliza. Mjomba ana nyumba Busia mjini, yenye ukuta na sakafu ya vigae, na mkewe ni mama mpole. Nilikuwepo siku alipokuja kumchukua.

"Mama, daktari amesema huwezi kukaa hapa na moto."

"Basi kaa wewe hapa na mimi," Kukhu akamwambia. "Uwe unanisalimia asubuhi. Nitauzima leo."

Mjomba alitazama chini. Kazi yake iko Busia, watoto wake wanasoma Busia. Kukhu alimwangalia, akaniangalia, akainuka akaingia jikoni. Tulisubiri nje. Tulisikia maji yakimwagwa na moto ukilia. Alitoka na mvuke nyuma yake, na majivu kwenye nyusi, akapanda gari bila kusaidiwa.

Kule Busia alilala chumba kizuri. Kikohozi kilipungua, hilo siwezi kukana. Lakini yeye pia alipungua. Nilikwenda kila Jumapili niliyoweza, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, anatazama ukuta wa mawe. Mke wa mjomba alinieleza kwamba wakati mwingine humkuta jikoni amewasha gesi, anaitazama, kisha anaizima, bila sufuria juu.

"Kukhu, unataka nikuletee nini?" nilimwuliza Jumapili moja.

"Kuongea."

"Si ndio tunaongea?"

Aliniwekea mkono gotini. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. "Mjukuu wangu," alisema, "kuongea."

Nilirudi Malaba na neno hilo. Kuna mama mmoja kutoka ng'ambo ambaye huniletea simsim na karanga, mwanamke wa Kiteso, mcheshi. Nikamwambia jina la kijiji ambacho Kukhu alikitaja siku ile moja, na jina la baba yake. Nikamwomba aniulizie. Nilijua wazee wa umri ule wengi wameshakwenda. Alipokuja tena na magunia yake alisimama mlangoni mwa hoteli akacheka.

"Huyo dada mzee wa nyanya yako yuko. Haoni vizuri, lakini mdomo uko na nguvu."

Mjomba hakupenda. Alisema safari itamchosha, kijijini watampikia kwa kuni, tutakuwa tumemuua sisi wenyewe. Nilimwambia aje amwangalie pale kwenye ngazi. Alikwenda akasimama nyuma yake muda. Kisha akasema, "Mpeleke. Lakini umrudishe."

Sikumwambia Kukhu tunakokwenda. Nilikodi gari, nikamfunika leso mbili, tukaja Malaba. Pale mpakani askari kijana wa upande wa Uganda alichukua kitambulisho chake, akasoma jina lile la kwao ambalo hakuna aliyelitumia nyumbani kwetu, akamtazama usoni.

"Yoga, tata," akamsalimu. Shikamoo, nyanya.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu akimwambia neno kwa lugha hiyo. Nilidhani Kukhu atamjibu kwa Kiluhya, kama alivyofanya na wauza vyungu. Akamjibu. "Yoga," alisema, kisha akarudia. Tulipovuka alinigeukia. "Unanipeleka wapi?"

"Kwa dada yako. Ukitaka turudi, tunarudi."

Alitazama nje. Mashamba ya mtama yalipita, na ng'ombe, na watoto wenye madumu ya maji. "Anatembea?" akauliza.

"Kwa fimbo."

"Alikuwa na mbio," akasema. Hakusema kingine mpaka tukafika.

Dada alikuwa jikoni, kwenye kibanda kinachofanana kabisa na kile cha Nambale. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Mkwe wa nyumba ile, mama wa makamo anayejua Kiswahili, alitutangulia akamwambia tumefika. Kukhu alisimama mlangoni. Hakuingia. Nilimshika mkono.

Dada aliinua uso upande wa mlango, akasema kitu, kwa ukali.

"Amesema nini?" nikamnong'oneza mkwe.

"Anauliza kwa nini amechelewa."

Kukhu akajibu kwa sentensi fupi.

"Anasema njia ilikuwa mbaya."

Yule mzee kwenye mkeka alibaki vilevile, kama anaipima sauti ile. Halafu akajisogeza, akapapasa mahali palipobaki tupu pembeni yake. Kukhu aliniachia mkono, akainama, akaingia, akakaa chini kwenye mkeka. Hakuomba kiti. Dada alimpapasa uso, nywele, mabega, akasema neno, na wote wawili wakaanza kulia kwa sauti, kisha katikati ya kulia mmoja wao akasema jambo na wakacheka. Mkwe alicheka pia. Nilimwuliza ni nini. Alijaribu kunieleza, akashindwa. "Kwa Kiswahili haichekeshi," alisema.

Walipika. Walikula. Waliongea mchana wote. Sijawahi kumsikia nyanya yangu akiongea hivyo, haraka, akikatiza, akipiga paja, akibisha. Alikuwa na sauti nyingine kabisa, ya mtu mdogo na mtundu, na huyo mtu sikumjua. Moshi ulijaa kibanda, akakohoa, akafuta mdomo, akaendelea palepale alipoachia. Niliinama mlangoni nikasema, "Kukhu, moshi." Alipunga mkono bila kugeuka, kama anafukuza kuku.

Jua lilipoteremka dereva alipiga honi. Niliingia nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia kwamba ni wakati wa kwenda, kwamba nimemwahidi mjomba. Alinitazama kwa upole sana, kama vile alivyomtazama mgeni mwenye shida.

"Nenda usichelewe mpakani."

"Na wewe?"

"Bado tunaongea."

"Nitamwambia nini mjomba?"

"Mwambie hivyo. Bado tunaongea."

Nilimtazama kifua chake kikipanda na kushuka. Nilijua maana ya kumwacha pale, na yeye alijua. Ningeweza kumshurutisha. Alikuwa mwepesi, ningeweza hata kumbeba. Nilichukua leso moja iliyokuwa imeanguka nikamfunika mabega, na akanishika vidole kidogo, akaviachia. Dada yake aliuliza kitu. Kukhu akageuka kumjibu.

Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta wa udongo, mahali wasiponiona. Nilitaka kumsikia kidogo tu kabla ya kwenda. Alikuwa anamweleza dada yake habari zangu, au ananisema, maana nililisikia jina langu mara moja, limetamkwa kwa namna ambayo sikuwahi kulisikia, na baada yake maneno mengi, mengi, na dada akiitikia. Nilisikiliza kwa makini yote. Sikuelewa hata moja. Dereva akapiga honi tena, nikaenda.